Mama Anawaonyesha Majirani Picha ya Gari Lisilo Langu

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Same mkoani Kilimanjaro, na tangu mwaka 2014 naishi katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Nilifika huku kwa ile bahati nasibu ya Green Card, nikaacha kazi ya kufundisha Jiografia sekondari, na siku ya safari nilisindikizwa hadi uwanja wa ndege na ndugu waliojaza basi dogo zima. Sasa usiku nabeba maboksi, na msemo huo kwangu si fumbo, kwa kuwa nafanya kazi katika ghala ambamo boksi jipya hunifikia kabla sijamaliza kulipanga lililotangulia. Mwisho wa wiki nahudumia wazee wasiojiweza: nawaogesha, nawalisha na kuwageuza kitandani ili wasipate vidonda.

Ghalani nalipwa dola 18 kwa saa. Nyumbani hesabu hiyo hugeuzwa kuwa shilingi papo hapo, ikazidishwa kwa saa za mwezi mzima, na jibu linalopatikana ni la tajiri. Hakuna anayekumbuka kutoa kodi ya pango ya dola 1,050, bima ya afya, bima na mafuta ya gari langu kuukuu ambalo bila hilo sifiki kazini, wala gharama ya kupasha nyumba joto kuanzia Novemba hadi Machi. Kila mwezi namtumia mama dola 300. Mwaka huu kuna miezi minne ambayo fedha hizo nilizitoa kwenye kadi ya mkopo, nikamwambia kwamba kazini wametupa bonasi. Deni la kadi hiyo sasa limefika dola 9,400, na hakuna alijuaye isipokuwa wewe.

Lipo jambo jingine ambalo naona haya hata kuliandika. Mwaka wangu wa pili huku nilipiga picha nikiwa nimeegemea gari jeusi la msimamizi wetu kwenye maegesho ya ghala, jua likiwa linatua, nikaituma nyumbani. Sikusema kwamba gari ni langu, wala sikusema kwamba si langu. Mama ameitunza kwenye simu yake hadi leo, na kila mgeni anayefika huonyeshwa kabla hata chai haijapoa.

Sasa mdogo wangu wa mwisho, kijana wa miaka 26 mwenye cheti cha ufundi umeme, anataka kunifuata. Kuna wakala jijini Dar es Salaam aliyemwahidi viza ya masomo kwa shilingi milioni 14, na ili zipatikane itabidi mama auze kiwanja alichoachiwa na marehemu baba. Nilipomsihi asubiri, nikamwambia maisha ya huku ni magumu, alinijibu mbele ya familia nzima, simu ikiwa kwenye spika, kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mama hakusema neno, na nadhani ukimya wake ulikuwa upande wa mdogo wangu.

Nakuandikia wewe kwa sababu nafahamu kwamba ulifundisha fasihi kwa miaka mingi. Muhula huu nasoma jioni katika chuo cha jamii ili nipate sifa za kuingia kozi ya uuguzi, na somo la fasihi ni la lazima. Tumesoma riwaya ya The Great Gatsby na tamthilia ya Death of a Salesman, na mwalimu ametaka insha ya kurasa tano yenye swali hili: je, ndoto ya Marekani, ile imani kwamba kila mwenye bidii huko atafanikiwa, ni ya kweli au ni ya uongo? Nimeshindwa kuandika hata mstari wa kwanza, kwa kuwa ni swali lile lile ambalo mdogo wangu ananiuliza kwa namna yake. Je, nimwambie kwamba ndoto hiyo ni uongo, ilhali mimi mwenyewe nala na kulala humo? Na nikimwambia, ataniaminije wakati picha ile bado ipo?

Mimi,
Mbeba Maboksi, Ohio

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na The Great Gatsby mapajani nikitafuta ukurasa mmoja ulio karibu na mwisho. Wasomaji wengi wa riwaya hii, na hasa walioijua kwanza kwa filamu, hukumbuka sherehe, mashati yaliyomwagwa na taa ya kijani iliyo ng'ambo ya maji. Mimi humkumbuka mzee Henry Gatz, baba yake Gatsby, yule tajiri ambaye riwaya imeitwa kwa jina lake. Gatsby ameshauawa, mamia ya watu waliokunywa pombe yake hawaonekani, na kutoka mji mdogo wa Minnesota anafika baba mnyonge aliyevaa koti refu la bei rahisi katika siku ya joto la Septemba. Mzee huyu anatoa kwenye pochi yake picha ya jumba la mwanawe, picha iliyopasuka pembeni na kuchafuliwa na mikono mingi, kisha anamwonyesha msimulizi kwa fahari kila sehemu yake. Wakati huo amesimama ndani ya jumba lenyewe. Ameionyesha picha ile mara nyingi mno hata msimulizi anahisi kwamba kwake imekuwa ya kweli zaidi kuliko nyumba.

Nilipofika mahali mama yako anapotoa simu kabla chai haijapoa, nilikifunga kitabu kwanza.

Mzee Gatz anaeleza pia kwamba mwanawe aliwahi kumtembelea na kumnunulia nyumba anayoishi. Kwa maneno yetu, Gatsby naye alikuwa akikumbuka nyumbani. Hakuwa mtoto mbaya. Alizaliwa akiitwa James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota, akajibadilisha jina akiwa na miaka 17, na utajiri wake ukatokana na biashara za kificho za enzi ambayo pombe ilipigwa marufuku Marekani, yaani kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Baba yake hayo hakuyajua. Alichopewa ni picha, na picha ikamtosha, naye akafika mazikoni akiamini kwamba mwanawe, kama angeishi, angekuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa taifa.

Tuje kwa Willy Loman, kwa sababu huyu yuko karibu nawe zaidi, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika Death of a Salesman, tamthilia ya Arthur Miller iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1949, Willy ni mchuuzi wa kusafiri mwenye umri wa miaka 63 ambaye mauzo yamemkimbia. Kila wiki anakwenda kwa jirani yake Charley, anakopa dola 50, kisha anamkabidhi mkewe Linda na kumwambia ndio mshahara wake. Linda anajua, ila ananyamaza ili asimvunjie heshima. Je, umeisoma sehemu hiyo kisha ukaendelea na ukurasa unaofuata kama vile haikuhusu? Kadi yako ya mkopo ndiye Charley wako, isipokuwa Charley hakutoza riba. Na usiwe na uhakika mkubwa kwamba mama hajui lolote, maana mama aliyekulea anaijua sauti yako ya bonasi na sauti yako ya uchovu.

Wengi husema Willy aliuawa na umaskini, nami sikubaliani nao. Charley alikuwa tayari kumpa kazi, akaikataa, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba yeye si yule aliyejitangaza kuwa. Alipokwenda kwa mwajiri wake kuomba nafasi ya kukaa mjini, alianza na dola 65 kwa wiki, akashuka hadi 50, akashuka tena hadi 40, na bado akafukuzwa na kijana ambaye muda mfupi kabla alikuwa akichezea mashine yake mpya ya kurekodi sauti. Hata siku hiyo angeweza kurudi nyumbani na kuieleza familia ukweli. Badala yake alipiga hesabu kwamba bima yake ya maisha ya dola 20,000 ina thamani kuliko yeye, akajiua ili familia ilipwe. Siku ya mazishi, Linda anamwambia kaburini kwamba leo ndiyo amelipa awamu ya mwisho ya mkopo wa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo hakuna mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tulivyozoea kusema, lakini Miller anaonyesha jambo baya zaidi: Willy hakuumbuliwa hata na kifo, bali mwanawe mmoja, Happy, alitoka makaburini akiapa kuiendeleza ndoto ile ile.

Huyo Happy ndiye mdogo wako.

Sasa kuhusu swali la mwalimu wako. Nisamehe, lakini naona limeulizwa kwa namna inayomlazimisha mwanafunzi kuchagua upande kabla hajafikiri. Msemo wenyewe, ndoto ya Marekani, ulienezwa na mwanahistoria James Truslow Adams katika kitabu chake cha mwaka 1931, The Epic of America, wakati nchi iko katikati ya mdororo mkuu wa uchumi na watu wamepanga foleni za mkate. Adams aliandika wazi kwamba hazungumzii magari na mishahara mikubwa peke yake, bali mfumo wa jamii ambamo kila mwanamume na mwanamke ataweza kufikia kimo chake kamili bila kujali alizaliwa katika hali gani. Magari, unaona, alikwisha kuyataja na kuyaweka kando mapema hivyo.

Mfumo huo ulikuwepo kwa nani? Hili ndilo ningekaa nalo muda mrefu kama ningekuwa wewe. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba, na mwaka 1944 ikapitisha sheria iliyowasomesha na kuwakopesha askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia. Kwa sheria hizo mamilioni ya Wazungu waliokuwa wapangaji wakawa wenye nyumba na kuwaachia watoto wao urithi. Lakini ramani zilizotumika kupima usalama wa mikopo zilipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, na mikopo ikaikwepa mitaa hiyo hadi ubaguzi wa makazi ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1968. Kwa hiyo watu wawili wenye bidii sawa, waliotoka katika vita ile ile, walirudi kwenye ndoto mbili, mmoja akapata funguo na mwingine akapata risiti ya pango. Hata mlango ulioingilia wewe haukuwepo siku zote. Mwaka 1925, Gatsby ilipochapishwa, sheria ya uhamiaji iliyokuwa imepitishwa mwaka uliotangulia ilitoa sehemu kubwa kabisa ya nafasi kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi. Ilibidi ingojewe sheria ya mwaka 1965 ili mgawo huo uondolewe, na ya mwaka 1990 ndiyo iliyoleta bahati nasibu iliyokutoa Same.

Kuna takwimu moja ambayo hunijia kila ninapozungumzia jambo hili. Mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, kwamba kati ya watoto wa Kimarekani waliozaliwa mwaka 1940 takriban asilimia 90 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko cha wazazi wao, ilhali kwa waliozaliwa katika miaka ya 1980 idadi hiyo imeshuka hadi karibu nusu. Soma takwimu hiyo polepole kabla ya kuiweka katika insha. Haisemi kwamba ngazi imeanguka. Inasema kwamba kwa mwenyeji wa huko, aliyezaliwa na lugha hiyo na cheti kinachotambulika, kupanda kuliko wazazi wake sasa ni kama kurusha sarafu.

Kwa suala la kiwanja, kuna kazi nyingine ambayo mwalimu wako hakuwapa, nami ningependa uitafute: A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kuigizwa Broadway, yaani kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mwaka 1959. Familia ya Younger inaishi kwa kubanana huko Chicago na inasubiri hundi ya dola 10,000 ya bima ya maisha ya marehemu baba. Mama anatoa dola 3,500 kama malipo ya awali ya nyumba katika mtaa wa Wazungu. Zilizobaki, 6,500, anamkabidhi mwanawe Walter, akimwagiza aweke 3,000 akiba ya masomo ya dada yake. Walter anazipeleka zote kwa mshirika aitwaye Willy Harris anayedai kwamba anashughulikia leseni ya duka la pombe kwa njia za mkato. Willy Harris anatoweka. Jasho la baba aliyekufa linaondoka na mtu ambaye hadhira haimwoni jukwaani hata mara moja, na kila nikisoma habari za mawakala wa viza namkumbuka huyo.

Sidai kwamba wakala wa mdogo wako ni tapeli, kwa kuwa simjui. Ninachojua ni utaratibu. Kwa viza ya masomo, chuo chenyewe ndicho kinachodahili na kutoa fomu ya I-20 inayotumika kuombea viza hiyo, mwombaji anapaswa kuonyesha fedha za kumlipia karo na kumtunza, na ubalozi ndio unaoamua baada ya usaili. Hakuna wakala anayeweza kuuza uamuzi wa ubalozi. Muulize mdogo wako maswali matatu tu: chuo kinaitwaje, barua ya udahili iko wapi, na karo ya mwaka wa kwanza baada ya kufika ataitoa wapi ikiwa kiwanja kimeshaliwa na milioni 14 za kuanzia. Akiwa na majibu, aandikie chuo hicho mwenyewe kwa barua pepe. Hata hivyo hati ya kiwanja ibaki kwa mama, na uamuzi wa kuuza uwe wake, bila ninyi wawili kumwamulia kwenye spika ya simu.

Lakini hayo yote hayatasikika kabla hujasema ukweli wako. Anza na mama, peke yake, kwa sauti na si kwa ujumbe. Mwambie habari ya deni, na mwambie kwamba kuanzia mwezi ujao utatuma kile ambacho mshahara unaruhusu, hata kikiwa dola 120. Nyumbani watanung'unika, na wapo watakaosema umebadilika au umeoa huko kwa siri. Waache. Riba ya kadi hainung'uniki, inaongezeka.

Kisha mpigie mdogo wako, na hapa ndipo nataka uwe mwangalifu. Usimwambie maisha ni magumu. Kila aliye ughaibuni husema hivyo huku akituma picha, na kijana ameshajifunza kwamba maneno hayo ni adabu tu ya mwenye nacho. Mtumie picha ya hati yako ya malipo ya wiki mbili, ukurasa mzima, pamoja na makato. Mtumie mkataba wa pango na taarifa ya kadi. Mwache apige hesabu mwenyewe. Ni fundi umeme, hesabu anazijua. Na usiache kumwonyesha upande wa pili, maana kujifanya mnyonge nako ni uongo: fedha za maboksi zimemtunza mama kwa miaka yote hii, na sasa zinakupeleka kwenye uuguzi, kazi ambayo huko ina soko na heshima. Kijana ana haki ya kuota. Ana haki pia ya kuiona bei kabla hajaitoa, jambo ambalo wewe hukupata mtu wa kukufanyia.

Tena, mwulize anapenda nini. Biff, mtoto mkubwa wa Willy, anasema baada ya mazishi kwamba baba yake alijiweka zaidi katika ile baraza ya mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kuliko katika mauzo yote aliyowahi kufanya. Willy alikuwa fundi mzuri sana, na maisha yake yote aliuona ufundi huo kuwa kazi ya watu wa chini. Mdogo wako anafunga nyaya. Iwapo anataka Marekani ili awe fundi umeme mwenye leseni, hiyo ni njia inayoweza kuulizwa na kupangwa. Iwapo anataka Marekani kwa ajili ya kuegemea gari jeusi, unamjua aliyemfundisha.

Kuhusu insha, achana na kweli au uongo. Andika juu ya mzee Gatz na picha yake, kisha Linda na dola 50 za kila wiki, yaani wale waliobaki nyumbani wakipokea habari. Wachambuzi wengi humtazama aotaye, nawe una ujuzi wa upande wa pili ambao darasani kwenu huenda hakuna mwingine aliye nao. Kurasa tano utaona hazitoshi.

Utakapompigia mama Jumapili, atakuuliza kwanza kama umekula. Mjibu, kisha mwombe aifungue ile picha, na mtajie lile gari ni la nani.

Shangazi